Kamba ya Mwiko kwenye Geti la Mzee Pyo

Mzee Pyo Man-sik alitundika kamba ya mwiko kwenye geti la nyumba isiyo na mtoto, isiyo na mzazi, isiyo hata na mwanamke. Mke wake alishafariki zamani. Ndani mlikuwa na yeye, televisheni, na friji ya kimchi, ile achari ya kabichi, inayonguruma kama trekta. Lakini asubuhi ile kijiji cha Naeri kiliamka na kuikuta: kamba ya mabua ya mpunga, imevutwa kutoka nguzo hadi nguzo, imesokotwa kwenda kushoto badala ya kulia, na katikati ya nyuzi zake kumechomekwa vipande vya mkaa na vitawi vya msonobari. Kamba kama hiyo hutangaza uzazi: mkaa na msonobari ni msichana. Angekuwa mvulana, zingening'inia pilipili nyekundu.

Na kamba ikishatundikwa, hakuna mjadala. Huingii.

Bi Buan, jirani yake wa ukuta mmoja, alisimama barabarani akacheka mpaka akashika kiuno. Yeye huitwa Bi Buan kwa sababu alitoka Buan, kule pwani, alipoletwa kuolewa, na wanawake wa rika lake huitwa kwa walikotoka. Jina lake lenyewe, Eom Pil-lye, linatumika zahanati tu.

"Baba Jae-hun," aliita. "Mjukuu wako yuko Suwon. Wewe uko Gimje. Hiyo kamba inamlinda nani, viatu vyako?"

Viatu vyenyewe vilionekana kwa kupitia geti, pea moja ya raba nyeupe juu ya jiwe la mlangoni. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kamba, mikono mgongoni, kama askari wa benki.

"Mtoto ni wa nyumba hii."

"Nyumba hii hajaiona hata kwenye picha."

"Ataiona. Jae-hun kasema majuma matatu yakiisha wanamleta. Kamba naifungua mimi mwenyewe, nampokea kwa mikono hii. Sasa rudi nyuma kidogo. Juzi tu umetoka msibani."

Bi Buan alirudi nyuma. Hapo hakucheka. Ni kweli, alikuwa amemzika dada yake huko Buan, na mtu aliyetoka kuzika hasogelei nyumba yenye mtoto mchanga. Anajua hata mjinga. Kwamba mtoto mwenyewe alikuwa mbali, kwenye ghorofa ya kumi na kitu, hilo halikubadilisha kitu kichwani mwa Bi Buan. Kamba ni kamba.

Tena kulikuwa na jambo lingine ambalo halikuhitaji kusemwa. Jae-hun, mtoto pekee wa mzee, na mkewe Seon-ju, walikuwa wamepoteza mimba mbili kabla ya hii. Ya pili ilikuwa imeshafika mbali, mzee alishanunua hadi mwani wa supu ya mzazi. Ule mwani ulikaa kabatini, haukupikwa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuutupa. Kwa hiyo Naeri walipocheka ile kamba, walicheka kwa sauti ya chini, kisha kila mmoja akaenda zake bila kuligusa lile geti.

Kwanza mzee alikuwa ameisokota nyingine, akaituma Suwon kwa basi. Jae-hun akapiga simu.

"Baba, mlango wetu ni wa namba za siri. Unataka niifunge wapi?"

"Juu ya mlango."

"Uongozi wa jengo hawaruhusu kutundika majani makavu. Wanasema ni hatari ya moto."

"Basi nyie kaeni na namba zenu," mzee akasema. "Mimi nitamlinda kutokea huku."

Mnaweza kumwona ni mzee kichwa ngumu. Alikuwa kichwa ngumu kweli. Lakini mikono ile ilikuwa na sababu zake.

Baba yake alisuka magunia ya mabua wakati wa Wajapani. Mchana analima mpunga, jioni anasuka magunia ya kuubebea mpunga huohuo mpaka bandari ya Gunsan, ukapandishwe meli, yeye arudi kula uji wa shayiri na magome. Man-sik alizaliwa siku za mwisho za mambo hayo, akajifunza mabua kabla hajajua kusoma. Kila kitu kilikuwa mabua. Paa la nyumba, viatu, mikeka, kamba za ng'ombe, hata ngata ya kubebea mtungi. Halafu serikali ikaja na kampeni yake ya vijiji vipya, mapaa ya mabua yakashushwa, yakapandishwa ya bati na saruji. Raba zikaja. Plastiki ikaja. Mwisho kabisa ikaja mashine ya kuvuna, inakata mpunga, inapura, na mabua inayatema nyuma yakiwa vipande vifupi kama ugoro. Tambarare yote ile ya Gimje, mpunga mpaka pale mbingu inapogusa ardhi, lakini ukitaka bua moja refu la kusokotea kamba hulipati.

Ndiyo maana kila msimu wa mavuno Mzee Pyo aliwahi shambani na mundu kabla ya mashine, akakata kona moja kwa mkono. Bi Buan alimsaidia kufunga. Vijana wa mjini waliokuwa wakiandaa tamasha la vuli walimfuata awasukie mikia ya madragoni yao, wale madragoni wakubwa wa mabua wanaopiganishwa pale kwenye tuta la bwawa la kale. Alisuka, akapewa kofia na chakula cha boksi. Alikuwa anajisikia vizuri. Ila kazi aliyoiheshimu ilikuwa moja, ile kamba ya kushoto. Kamba ya kazi unasokota kulia, kwa kusukuma mkono wa kulia mbele. Ya kumlinda mtoto unasokota kinyume, kwa sababu mashetani na magonjwa wanajua ya kawaida, hiyo nyingine inawachanganya. Watoto wote wa Naeri walizaliwa nyuma ya kamba ya Mzee Pyo, akiwemo Jae-hun mwenyewe. Wa mwisho wao sasa hivi yuko jeshini. Baada ya huyo hakuzaliwa mtu. Vijana walihama, kijiji kikabaki na wazee na mabango ya kuuza mashamba.

Yaani mikono ilikuwa imesubiri miaka yote hiyo. Ikapata mtoto, ikaambiwa hatari ya moto.

Mzee naye akajifungia kama mzazi hasa. Haendi ukumbi wa wazee, haendi sokoni. Kabla ya hapo yeye na Bi Buan walikuwa wakila pamoja pale ukumbini kila jioni, wakirushiana maneno kuhusu chumvi, sasa Bi Buan akawa anampikia na kumwachia chakula kwenye jiwe nje ya geti. Alipika wali wa mpunga mpya na supu ya mwani, kwa makusudi kabisa.

"Mzazi!" aliita. "Supu yako hii. Kunywa upate maziwa."

"Weka uondoke."

"Umelalaje? Mtoto kanyonya?"

"Bi Buan, meno yamekuisha lakini ulimi bado unao."

Akishaondoka, mzee anatoka, anapitisha mkono chini ya kamba, anachukua. Baadaye bakuli linarudi jiweni, limeoshwa. Jioni walipigiana simu, nyumba na nyumba, ukuta mmoja katikati. Seon-ju alituma picha za mtoto, mzee akawa anamsimulia Bi Buan picha hizo kwa simu kama mtangazaji wa mpira. Leo kafungua jicho. Leo kapiga chafya. Ana nywele nyingi, kama za marehemu bibi yake. Akasema wakija atakuwa amemsukia viatu vidogo vya mabua, pea ya kukaa kwenye kiganja.

"Atavivaa lini, na hajui hata kukaa?"

"Si vya kuvaa. Ni vya kujua katoka wapi."

Siku za mwisho mwisho, kwenye simu, mzee akasema mkono wa kulia unakufa ganzi. Alikuwa amedondosha kijiko mara mbili.

Bi Buan akaacha utani. "Nenda zahanati."

"Mtoto akishakuja."

"Nenda kesho. Mjumbe Ki ana gari, atakupeleka."

"Nikakae na wagonjwa wanaokohoa, halafu nije nimshike mtoto? Kesho kutwa wanafika. Kesho kutwa tu."

"Basi nakuja mimi sasa hivi nikutoe kwa kukuvuta."

Sauti ya mzee ikawa nyingine. "Ukivuka hiyo kamba na maiti ya dada yako mgongoni, halafu mtoto akapatwa na jambo, mimi nitakuita nani?"

Kuna maneno mtu anayasema kwa sababu anaogopa. Bi Buan alijua anaogopa. Alijua na mwani uliokaa kabatini. Lakini dada yake alikuwa hajamaliza hata mwezi kaburini, na kuitwa maiti ya mgongoni kulimwingia.

"Baki na kamba yako," akasema, akakata simu.

Alikaa jikoni, taa inawaka, akaangalia ukuta. Aliwaza kwenda. Kamba haikuwa chuma, alikuwa na uwezo wa kuinama akapita. Kisha akawaza mtoto wa tatu wa Seon-ju. Akawaza uso wa mzee iwapo chochote kingetokea, hata mafua tu. Akaenda kulala.

Asubuhi akapika supu hata hivyo. Kununa ni kununa, chakula ni chakula. Akaiweka jiweni, hakuita mzazi, hakuita chochote, akarudi kwake. Saa za kuchukua vyombo akakuta bakuli lipo vilevile, limefunikwa, supu imepoa na kuganda mafuta ya ufuta juu. Akapiga simu. Iliita, haikupokelewa.

"Kanuna," akajiambia. Huyu mzee alishawahi kununa wiki nzima kwa sababu ya karata.

Akiwa pale nje ndipo akasikia. Kutoka ndani ya nyumba, polepole, to, to, to.

Kila mtu wa umri wake anaijua sauti ile. Mabua hayasokotwi yakiwa makavu. Unayanyunyizia maji, unayaweka juu ya ubao, unayagonga kwa nyundo ya mti mpaka yalainike. Bi Buan alilelewa na sauti ile, alilala nayo utotoni, baba yake anagonga mpaka usingizi unampitia. Moyo ukamtulia palepale. Anagonga mabua. Anasuka viatu vya mtoto. Mkono umepona.

Mjumbe wa kijiji, Ki Tae-bok, akapita na gari lake dogo la mizigo, akapunguza mwendo.

"Bi Buan, mzee mbona hajachukua chakula?"

"Tumegombana. Kaninunia."

"Yuko salama lakini? Juzi alinisemesha habari za mkono."

"Msikie huyo. Anagonga mabua toka muda."

Mjumbe akazima injini, akasikiliza. To, to. Akatabasamu. "Hata marehemu baba yangu alikuwa hivyo. Akinuna anagonga." Akawasha gari, akaondoka.

Bi Buan akasogea mpaka umbali ule anaoruhusiwa. Alitaka kupatana lakini hakutaka kuwa wa kwanza, kwa hiyo akafanya anavyofanya siku zote, akatania. Akapaza sauti.

"Gonga taratibu, Baba Jae-hun. Utamwamsha mtoto ambaye hayupo."

Kugonga kukasimama. Kisha kukaanza tena, kwa haraka, to-to-to-to, kwa nguvu, bila mpangilio.

"Haya, kasirika zaidi," akasema Bi Buan, na akacheka peke yake kwa mara ya kwanza toka jana. Kumbe anasikia. Kumbe anajibu. Akaliacha bakuli palepale, akaenda kuchuma kabichi za kimchi, na mchana wote, kila akiinua mgongo, aliisikia ile sauti juu ya ukuta. Ikawa inamtuliza. Jioni ikapungua, moja, halafu kimya kirefu, halafu moja. Giza lilipoingia ikaisha.

Kamaliza viatu, akawaza.

Kesho yake ilikuwa siku yenyewe. Jua kali la vuli, mashamba yamenyolewa, ndege weupe wamejipanga kwenye matope. Bi Buan alivaa sweta la kutokea, akapika supu mpya, akasimama barabarani mbali na geti, kwa adabu, kama mtu anayesubiri basi. Gari la Jae-hun likaja likiwa limesheheni mabegi, pampasi, na kiti cha mtoto nyuma.

Jae-hun akashuka, akaiona kamba. Akacheka, huku macho yamemlenga machozi. "Shangazi," akamwita Bi Buan kama alivyozoea tangu utotoni, "kumbe kweli kaitundika."

"Msiipite," Bi Buan akasema. "Anataka kuifungua mwenyewe. Mwite."

"Baba," Jae-hun akaita.

Seon-ju akatoka na mtoto, amemfunga kwenye blanketi la rangi ya mtama, kichwa kidogo chenye nywele nyingi kama Bi Buan alivyosimuliwa. Wakasimama wote pale nje ya kamba, mkaa na msonobari vinatikisika kwa upepo, wakamsubiri mwenye nyumba.

"Baba, tumefika."

Raba nyeupe zilikuwa juu ya jiwe la mlangoni. Supu ya jana ilikuwa bado ipo pale nje, na sisimizi.

Jae-hun akaliangalia lile bakuli. Akamwangalia Bi Buan. Kisha akainama, akapita chini ya kamba, akavuka ua kwa hatua ndefu, akausukuma mlango pembeni. Hakupiga kelele. Alisimama tu mlangoni, mkono kwenye fremu, halafu akaita jina la mke wake, taratibu, mara mbili.

Seon-ju akageuka. "Shangazi, mshike."

"Mimi natoka msibani, mwanangu, siwezi."

"Mshike tu."

Na mtoto akawa mikononi mwake. Seon-ju akainama, akapita, akakimbia.

Mlango ulibaki wazi. Kutokea pale barabarani Bi Buan alikuwa anaona mpaka ndani, kwa sababu jua liliingia moja kwa moja sebuleni. Mzee alikuwa amelala kwa ubavu, sakafuni, karibu na kizingiti, uso umeelekea geti. Nyundo ya mti ilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto. Mkono wa kushoto, mtu ambaye maisha yake yote aligonga kwa kulia. Kulia kulikuwa kumelala chini ya mwili kama kitu cha mtu mwingine. Na pale ubavuni mwake, kwenye mbao za sakafu, kulikuwa na sehemu imebonyea na kuchubuka, nyeupe.

Bi Buan akatafuta mabua kwa macho. Aliyatafuta kwa bidii, kila pembe aliyoweza kuiona. Akayaona. Yalikuwa yananing'inia ukutani juu ya friji, fungu zima, makavu, limefungwa vilevile alivyolifunga yeye mwenyewe shambani siku ile ya mundu. Halikuwa limeguswa.

Mjumbe Ki akaja, gari la wagonjwa likaja bila kupiga king'ora. Daktari akasema ni mshipa wa kichwa umepasuka, jana siku nzima alikuwa hai, pengine mpaka alfajiri ya leo. Kwa kuwa mtoto mchanga hakai na maiti, haikuzungumzwa hata kama ataingizwa ndani. Alibaki nje ya kamba, kwa Bi Buan, mwanamke yuleyule aliyekatazwa kuisogelea. Hakuna aliyekumbuka kumpokea mtoto.

Jae-hun akatoka mpaka getini. Hakuvuka. Aliishika kamba kwa mikono miwili kama mtu anayeshikilia uzio.

"Shangazi. Jana ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Hukusikia kitu?"

Angeweza kusema hakusikia. Mjumbe Ki alikuwa amesimama karibu, ameinamisha kichwa, asingemsuta, maana naye alizima injini akasikiliza.

"Nilimsikia," Bi Buan akasema. "Mchana kutwa. Nilidhani anagonga mabua. Nikamwambia agonge taratibu."

Vidole vya Jae-hun vilipapasa ule msokoto wa kushoto, mbele na nyuma, halafu akarudi ndani kwa baba yake.

Mtoto akaanza kulia. Alikuwa mzito kuliko Bi Buan alivyotegemea, wa moto, ananuka maziwa. Bi Buan akamwegemeza begani, akaanza kumpigapiga mgongoni kama alivyowapigapiga watoto wake wote, bila kufikiri, kwa kiganja, taratibu. To, to, to.

Kiganja kikasimama hewani.

Mtoto aliendelea kulia, kwa nguvu zaidi sasa, na Bi Buan akamshika hivyohivyo, ameukunja ule mkono mbali na mgongo wake, mkono hauna pa kwenda.